Boga Moja Kubwa

1. Mmea unaojulikana na wote

Mmea wa boga unajulikana na kila mtu katika Lubumbashi. Mvua zinapoanza kunyesha, mnamo mwezi wa Oktoba au Novemba, watu huchukua majembe yao na kwenda mashambani, nje ya mji, kupanda mahindi. Katikati ya mahindi hutia mbegu chache za maboga. Wengine huzipanda nyuma ya nyumba, karibu na ua, au mahali palipokuwa na jalala zamani. Mbegu zikiisha kuota, hakuna tena mtu anayezitazama sana. Mmea hutambaa wenyewe, na majani yake mapana hufunika udongo.

Mmea huu una faida nyingi. Majani machanga na ncha laini za matawi huchumwa, huondolewa nyuzi zake, kisha hupikwa. Mboga hiyo watu wengi huiita chibwabwa. Ikipikwa pamoja na karanga zilizotwangwa, ni kitoweo kizuri cha kulia bukari. Maua ya manjano pia huliwa. Boga lenyewe huchemshwa, na mbegu zake hukaangwa. Tena boga lililokomaa vizuri, likiwekwa mahali pakavu penye hewa, hukaa miezi mingi bila kuoza. Kwa hiyo nyumba yenye maboga haiogopi sana siku ambazo mahindi yamepungua ghalani.

Lakini mara nyingi mwenye bustani husikitika. Mmea wake umetambaa mpaka kwa jirani. Majani ni mengi, maua ni mengi, hata hivyo maboga ni machache, nayo ni madogo. Mengine yameanguka yakiwa bado kama yai la kuku. Basi mwenye bustani husema, "Udongo umechoka," au, "Mbegu hizi ni mbaya." Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi sababu ni nyingine: mmea uliachwa ufanye upendavyo, na nguvu zake zikatawanyika.

Wako wakulima duniani wanaojua kukusanya nguvu zote za mmea mmoja na kuzitia katika boga moja tu. Kazi yao kubwa ni mbili: kukata matawi na kutunza maua. Kazi hizo hazihitaji fedha nyingi. Zahitaji kisu kikali, uzi, macho mazuri, na moyo wa subira.

2. Maboga ya ajabu

Wataalamu wa mimea huliita boga la namna hii Cucurbita maxima. Neno maxima ni la Kilatini, maana yake ni kubwa kuliko yote. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Wenyeji wa huko walililima kwa maelfu ya miaka kabla mbegu zake hazijavuka bahari na kufika Ulaya, Afrika na Asia.

Mkulima mmoja wa Kanada, jina lake William Warnock, alipeleka boga lake katika maonyesho makubwa ya dunia mjini Paris mwaka 1900. Lilikuwa na uzito wa kilo 181. Mwaka 1904 alionyesha jingine kule St. Louis, Marekani, lenye kilo karibu 183. Watu walistaajabu, na kwa muda wa miaka zaidi ya 70 hakuna aliyemshinda.

Baadaye alitokea Mkanada mwingine, Howard Dill, aliyekaa katika jimbo la Nova Scotia. Yeye alichagua mbegu zake mwaka baada ya mwaka, akichunguza kila boga limetoka kwa mama gani na baba gani. Mwaka 1981 alipata boga la kilo 224. Mbegu zake zikaenea duniani, na maboga makubwa ya mashindano siku hizi ni wajukuu wa mbegu hizo. Mwaka 2014 Beni Meier wa Uswisi alipata boga la kilo 1,054, la kwanza kupita tani moja. Mwaka 2023 Travis Gienger wa Marekani alifika kilo 1,247. Na mwaka 2025 ndugu wawili pacha wa Uingereza, Ian na Stuart Paton, walipata boga la kilo karibu 1,279. Uzito huo wapita ule wa magunia 25 ya mahindi, kila gunia likiwa na kilo 50.

Je, mkulima wa Lubumbashi aweza kupata boga kama hilo? Ni vigumu, na sababu yake ni nuru ya jua. Katika nchi za kaskazini, siku za kiangazi huwa ndefu sana, na mmea hupata mwanga kwa saa 15 au 16. Katika Lubumbashi, hata siku ndefu kuliko zote, mwezi wa Desemba, haifiki saa 13. Tena wakati huo ni wa mvua, na mawingu hufunika jua mara nyingi. Lakini sheria ya mmea ni ile ile kila mahali. Mkulima akiifuata, boga lake litapita yale aliyoyazoea, na majirani watakuja kulitazama.

3. Mahali pa kupanda

Mji wa Lubumbashi uko juu ya nchi tambarare, mita karibu 1,200 kupita usawa wa bahari. Udongo wake mwingi ni mwekundu, na mvua nyingi zimeosha chakula chake. Kwa hiyo mkulima huchimba shimo lenye upana wa mita moja, akalijaza samadi iliyooza vizuri pamoja na majani yaliyooza. Wakulima wa Katanga hupenda pia udongo wa vile vichuguu vikubwa vinavyoonekana kila upande wa nchi yao. Mchwa hupandisha juu udongo wa chini, nao una chakula zaidi kwa mimea.

Haifai kupanda mahali popote. Karibu na tanuru la zamani la shaba, ambalo lilianza kazi mwaka 1911, moshi wa miaka mingi uliacha madini mengi ardhini. Mimea mingi haipendi udongo huo, na mboga za majani zilizoota humo si nzuri kwa kuliwa. Mkulima mwenye akili hutafuta udongo safi, mbali na moshi na taka.

Mahali pawe na jua siku nzima. Shina moja lataka nafasi kubwa, kama mita nane kwa mita nane. Mkulima hupanda mbegu tatu katika shimo. Zikiisha kuota na kutoa majani machache, huuacha mche ulio na nguvu, akaing'oa mingine miwili. Hapo ndipo kazi ya kuchagua inapoanza.

4. Shina, matawi na vitawi

Mwanzoni mche wa boga husimama wima. Baada ya majuma machache huchoka kusimama, huanguka upande mmoja, na kuanza kutambaa. Shina hili la kwanza huitwa shina kuu.

Mtu akilitazama shina kuu kwa makini, ataona vifundo, kama vifundo vya muwa. Katika kila kifundo mna vitu vitano. Mna jani moja. Mna kikono chembamba kinachojipinda ili kushika majani na miti. Mna chipukizi la ua. Mna chipukizi la tawi jipya. Na chini yake, upande unaogusa udongo, mna mizizi midogo iliyo tayari kuingia ardhini.

Kwa hiyo shina kuu likiwa na vifundo 20, laweza kutoa matawi 20. Kila tawi nalo lina vifundo vyake, na kila kifundo chaweza kutoa kitawi. Vitawi navyo vyaweza kuzaa vingine. Ikiwa hakuna anayevizuia, bustani yote hugeuka kuwa kichaka. Majani ya juu huyanyima jua majani ya chini. Hewa haipiti, maji hayakauki, na ukungu mweupe huingia. Zaidi ya hayo, kila ncha inayorefuka yataka chakula, na chakula hicho ni kile ambacho kingeliingia katika boga.

5. Jani ni jiko la mmea

Kabla ya kukata, yafaa kujua kitu kipi kikatwe na kipi kiachwe. Mizizi huleta maji pamoja na chumvi za ardhini. Maji hayo hupanda mpaka katika jani. Jani ni kama jiko, na jua ni kama moto wake. Katika jiko hilo mmea hutengeneza sukari, ukitumia maji pamoja na hewa. Sukari hiyo husafiri kupitia matawi na shina mpaka katika boga. Boga lenyewe halipiki kitu. Hukaa na kula tu, kama mtoto mchanga.

Basi mtu anayechuma majani makubwa mengi kutoka katika mmea mmoja anauzimia majiko yake. Na yule anayekata ncha ya shina kuu mapema, ili apate mboga ya jioni, anausimamisha mmea kabla haujawa na majani ya kutosha. Mmea huo hautaweza kulisha boga kubwa.

Lakini vitawi vidogo si jiko bado. Vinakula tu. Hivyo ndivyo vya kukatwa.

6. Namna ya kukata

Mkulima huliongoza shina kuu liende moja kwa moja mbele. Matawi huyaelekeza pande mbili, kulia na kushoto. Bustani ikitazamwa kutoka juu, mmea wafanana na mifupa ya samaki: uti wa mgongo katikati, na miiba pande zote mbili. Kwa njia hiyo kila jani hupata jua, na mkulima hupata mahali pa kukanyaga bila kuvunja kitu.

Kuna sheria nne za kukata.

Ya kwanza: shina kuu halikatwi mpaka boga limeshika. Boga likiisha kushika, shina huachwa liendelee mbele yake mita tatu au nne, kisha ncha yake hukatwa.

Ya pili: kila tawi la pembeni huachwa likue mpaka mita tatu au nne, kisha ncha yake hukatwa. Yale yaliyo karibu na mzizi ndiyo makubwa, kwa kuwa yametangulia kuota.

Ya tatu: vitawi vinavyotoka katika matawi hukatwa vyote, vikiwa bado vidogo, visizidi urefu wa shibiri moja. Kitawi kidogo kikikatwa huacha kidonda kidogo, nacho hupona upesi. Kikingojwa mpaka kinenepe, kidonda ni kikubwa na chakula kingi kimepotea.

Ya nne: mkulima hukata kidogo kidogo, mara mbili kila juma. Hangoji hadi kichaka kizima kiwe kimeota, akaja na panga siku moja. Mmea ukikatwa sana kwa siku moja huumia.

Shina la boga ni tupu ndani, kama bomba. Likikatwa wakati mvua inanyesha, maji huingia ndani yake na kuliozesha. Kwa sababu hiyo, katika majira ya mvua ya Lubumbashi, mkulima hungoja saa za jua, baada ya umande kukauka. Kidonda hukauka kabla ya mvua ya jioni. Kisu chake kiwe kikali na safi. Akiwa amekata mmea wenye ugonjwa, hukiosha kisu kabla ya kugusa mwingine.

Na vile vitawi vilivyokatwa? Havitupwi. Hivyo ndivyo chibwabwa yenyewe, laini kabisa. Kwa hiyo bustani inayokatwa vizuri huleta mboga nyumbani kila juma, wakati boga linaendelea kukua.

Kazi moja zaidi hufuatana na kukata. Mkulima hufunika vifundo vya shina na vya matawi kwa udongo kidogo. Mizizi ya vifundoni huingia ardhini, na mmea hupata vinywa vingi vya kunywea maji. Pia upepo wa mvua hauwezi tena kuugeuza na kuuvunja.

7. Ua dume na ua jike

Mmea wa boga hutoa maua ya namna mbili. Ua dume husimama juu ya kikonyo kirefu chembamba, na chini yake hamna kitu. Ua jike lina kikonyo kifupi kinene, na chini yake mna kiboga kidogo cha mviringo, hata kabla halijafunguka. Mtoto yeyote aweza kuyatambua akiyatazama mara moja.

Maua dume hutangulia. Huenda yakafunguka kwa juma moja au zaidi kabla ua jike la kwanza halijaonekana. Watu wengine hukata tamaa, wakasema, "Mmea huu ni dume tu, hautazaa," wakaung'oa. Wameharakisha mno. Mmea ulikuwa bado unajitayarisha.

Ndani ya ua dume mna kijiti chenye unga wa manjano. Unga huo huitwa chavua. Katikati ya ua jike mna kitu kinene chenye mapande kadhaa, tena kinanata. Chavua isipofika juu ya mapande hayo yanayonata, kiboga hakikui. Baada ya siku chache hugeuka rangi ya manjano, husinyaa, na kuanguka. Hii ndiyo sababu ya yale maboga madogo kama yai yanayookotwa chini kila mwaka. Hayakulogwa, wala hayakukosa mbolea. Yalikosa chavua.

Kwa kawaida nyuki ndio wanaobeba chavua. Lakini ua la boga hufunguka mara moja tu. Hufunguka alfajiri, na jua likiwa kali hujifunga, lisifunguke tena. Ikiwa asubuhi hiyo mvua inanyesha, nyuki hukaa katika mizinga yao, na chavua hulowa ikaharibika. Katika Lubumbashi, mwezi wa Januari na wa Februari, asubuhi za mvua ni nyingi. Mtu aliyenyunyizia dawa ya wadudu maua yakiwa wazi amefanya vibaya zaidi, maana amewaua nyuki wanaomsaidia.

8. Kuchavusha kwa mkono

Mkulima anayetaka kuwa na hakika hafanyi kazi hiyo kwa kubahatisha. Huifanya mwenyewe kwa mkono.

Jioni hutembea bustanini na kutafuta ua jike litakalofunguka kesho. Hulitambua kwa kuwa ncha yake imeanza kuwa ya manjano. Hulifunga ncha taratibu kwa uzi, au hulifunika kwa kitambaa chepesi, ili nyuki wasilitangulie. Hufanya vile vile kwa maua dume mawili au matatu. Ikiwa mvua yaja, huweka juu yake jani pana au kipande cha plastiki, lakini hewa ipite.

Asubuhi, mara baada ya jua kuchomoza, hukata yale maua dume. Huyaondoa majani yake ya manjano, kikabaki kile kijiti chenye chavua. Hulifungua ua jike, akapaka chavua juu ya kila pande katikati yake, polepole, bila kukwaruza. Pande moja likikosa chavua, boga laweza kukua upande mmoja tu na kupindika. Akimaliza, hulifunga tena ua jike mpaka kesho yake, ili mvua isioshe chavua na nyuki wasilete nyingine.

Kazi hii ina faida ya pili. Mkulima ajua baba wa mbegu ni mmea gani. Akichukua chavua kutoka kwa mmea mzuri, mbegu za boga lile zina tumaini jema kwa mwaka ujao. Howard Dill naye alichavusha maua yake kwa mkono, na ndivyo alivyopata mbegu zake mashuhuri.

Maua dume yaliyobaki hayana kazi tena siku hiyo. Huchumwa na kutiwa chunguni.

9. Kuchagua

Sasa mkulima amefika mahali pagumu kuliko pote. Kukata kitawi ni rahisi. Kukata boga linalokua ni vigumu, hasa katika nyumba yenye watoto wengi.

Ua jike la kwanza hutokea karibu na mzizi, wakati mmea ungali mchanga, na majani yake ni machache. Anayetaka boga kubwa hulikata. Hungoja ua lililo juu ya shina kuu, mita tatu au nne kutoka mzizini. Huko nyuma yake pana majani mengi ya kulilisha. Lakini hachavushi moja tu, maana moja laweza kuharibika. Huchavusha mawili au matatu, akayaacha yote yaanze kukua.

Baada ya siku chache, kiboga kilichoshika huinama na kunenepa, na ngozi yake hung'aa. Hapo mkulima huchukua uzi, akakizungushia tumboni, akafunga fundo mahali unapokutana. Baada ya siku mbili hupima tena. Hupima hivi kwa juma moja au mawili. Uzi hauna upendeleo. Unaonyesha wazi ni boga gani linalokua kwa haraka kuliko mengine.

Kisha hulitazama na shina lake. Boga ambalo kikonyo chake kimebanwa sana na shina laweza kuvunjika likiwa zito. Lililokaa wazi, kama mkono ulionyoshwa mbali na mwili, ni afadhali.

Akiisha kuchagua moja, huyakata yale mengine. Watu wakimwona, huenda wakasema kwamba anaharibu chakula. Lakini chakula hakiharibiki. Viboga vichanga hukatwakatwa na kupikwa kama mboga, ngozi na mbegu pamoja. Na nguvu zilizokuwa zikienda katika maboga matatu, sasa zote hukimbilia katika lile moja. Wahenga walisema: Mtaka yote hukosa yote.

10. Kulitunza boga lililochaguliwa

Siku za kwanza boga hukua polepole. Baada ya kama majuma mawili au matatu huanza kunenepa kwa haraka sana. Katika mashindano ya Ulaya na Marekani, boga kubwa laweza kuongezeka zaidi ya kilo 20 kwa siku moja. Hata boga la bustani ya nyumbani hubadilika hivi kwamba mtoto aliyeliona Jumatatu hushangaa siku ya Ijumaa.

Likinenepa, boga huinuka juu, na kuliinua shina pamoja nalo. Ikiwa shina limeshikwa na mizizi karibu na boga, litapasuka. Kwa hiyo mkulima huing'oa mizizi ya vifundo viwili au vitatu vilivyo karibu, shina lipate nafasi ya kuinuka. Mahali hapo pekee mizizi haitakiwi.

Chini ya boga huweka mchanga au nyasi kavu, ili lisioze kwa maji. Hufanya hivyo boga likiwa bado dogo, maana baadaye haligeuziki. Juu yake hujenga kivuli kidogo cha nyasi. Majani hupenda jua, lakini ngozi ya boga ikipigwa na jua kali huwa ngumu upesi, nayo ikiwa ngumu hupasuka boga linapotaka kunenepa. Mvua zikikatika kwa siku kadhaa, mkulima hutia maji kidogo kila siku. Hangoji mpaka udongo ukauke kabisa, kisha akamwaga maji mengi kwa mara moja. Boga lenye kiu likinyweshwa ghafula hupasuka.

Kila asubuhi huangalia kama nzi wa matunda wamelitoboa, na kila juma huendelea kukata vitawi. Maana vitawi havikomi kuota kwa sababu boga limechaguliwa.

Mbegu iliyopandwa mwezi wa Novemba hutoa maua mwezi wa Januari, na boga hukomaa mwezi wa Aprili, mvua zinapokwisha. Kikonyo chake huwa kikavu na kigumu kama kuni, na ukucha hauwezi tena kutoboa ngozi. Hukatwa pamoja na kikonyo chake, maana boga lisilo na kikonyo huoza upesi.

11. Boga moja au matatu?

Yafaa kusema kweli. Boga kubwa mno si tamu kuliko yote. Nyama yake mara nyingi ina maji mengi, na yale maboga ya tani moja huishia kulishwa wanyama au kuchongwa sura za kuchekesha. Mama anayetaka chakula cha miezi mingi hana haja ya boga ambalo watu wanne hawawezi kulibeba. Afadhali aache maboga matatu juu ya kila mmea, yenye kutosha chungu chake.

Lakini hata huyo mama atafuata sheria zile zile. Atakata vitawi, ili jua liingie. Atachavusha kwa mkono asubuhi za mvua, ili viboga visianguke. Na atachagua: kati ya viboga saba au nane ataacha vitatu, wala hatajaribu kuvilea vyote. Hivyo kila mmoja hupata boga lake. Anayetaka kushangaza watu huacha moja. Anayetaka kulisha nyumba huacha matatu. Asiyechagua huachiwa majani.

Maswali

1. Katika kila kifundo cha shina la boga mna vitu gani vitano?
2. Kwa nini vitawi hukatwa, lakini majani makubwa huachwa?
3. Kwa nini katika majira ya mvua mkulima hukata wakati wa jua?
4. Ua dume na ua jike hutofautianaje?
5. Kwa nini viboga vidogo hugeuka manjano na kuanguka?
6. Mkulima hutumiaje uzi ili kuchagua boga?
7. Pimeni boga changa moja bustanini kwa uzi, kila baada ya siku mbili, kwa muda wa majuma mawili. Andikeni vipimo katika daftari. Boga lilikua zaidi siku zipi?
8. Elezeni maana ya methali hii: Mtaka yote hukosa yote.